Mikono Chini ya Rangi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hapa Sydney huwajibu kwamba nafuga kutu. Wengi huishia hapo, hawaulizi zaidi, nami hupata nafasi ya kumaliza chakula changu. Ni jibu la kijeuri lakini si la uongo. Katika maabara ya chuo ninakofanya kazi kuna kabati kubwa la plastiki linalopuliza ukungu wa maji ya chumvi mchana kutwa na usiku kucha, na ndani yake nimepanga vipande vya chuma nilivyovipaka rangi mwenyewe. Kabla ya kukiingiza kipande nakikwaruza kwa ncha kali mpaka chuma kionekane, kwa sababu rangi isiyo na jeraha haikufundishi kitu. Kisha nasubiri nione kutu itatambaa umbali gani.

Rangi yenyewe ni ya vyuma vya baharini: meli, nguzo za gati, ngazi za bandarini. Tunachanganya ndani yake unga wa chembe ndogo mno, udongo wa kutengenezwa wenye tabaka nyembamba zilizolaliana kama za chapati iliyosukumwa vizuri. Katikati ya tabaka hizo tunaficha dawa ya kuzuia kutu. Chumvi ya bahari ikipenya kwenye rangi, chembe zinaimeza na kuachia dawa, pale pale penye jeraha. Nimeyaeleza haya harusini, kanisani na kwenye treni ndefu ya kurudi Penrith ninakoishi, na watu hutikisa kichwa kwa adabu huku wakitafuta simu zao.

Aliyenisikiliza hadi mwisho ni shemeji yangu mmoja, ingawa ushemeji wenyewe ni wa hiari. Mke wake ni Mkongo wa Uvira, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na tulijuana sokoni Cabramatta alipokuwa akibishana na muuza duka juu ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyogandishwa. Nikasikia Kiswahili, nikaingiza pua yangu isipotakiwa, tukatoka pale ndugu. Ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Nilimwambia kwetu Tanga yaya ni mlezi wa watoto na analipwa mwisho wa mwezi, naye akasema basi nianze na wake, wako wengi.

Mumewe alikuwa mtu wa ghala, kazi ya kupakia na kupakua, mpole, mwenye maswali. Nilipomweleza chembe zangu aliuliza swali ambalo hata wanafunzi wangu hawaulizi: dawa ikiisha ndani ya tabaka, kinafuata nini? Nikamjibu kwamba ikiisha imeisha. Akacheka akasema kwao ziwa halina chumvi, boti ya chuma inazeeka pamoja na mwenyewe, hawana haja ya mtu kama mimi. Alikulia kwenye ziwa hilo na kila wiki alilisifia samaki wake mpaka mkewe akamkataza.

Siku zake za mapumziko alikwenda kuvua miambani kusini mwa jiji. Tulimwonya, maana kila mwaka miamba ile inachukua watu, na wengi ni sisi sisi wahamiaji tuliozoea maji ya namna nyingine. Alisema anajua maji. Ni kweli aliyajua ya ziwani. Siku aliyochukuliwa bahari ilikuwa imetulia, kwa mujibu wa waliokuwa wakivua karibu naye, halafu likaja wimbi moja lisilofanana na wenzake. Jaketi lake la kuokolea lilikutwa kwenye buti ya gari, bado lina lebo ya dukani. Helikopta ilizunguka, boti za polisi zikazunguka, kisha zikaacha kuzunguka. Mwili haujapatikana mpaka leo.

Mtu asiyepatikana ana mateso yake, na hayo sikuyajua mpaka nilipoyaona kwa rafiki yangu. Waombolezaji walikuja nyumbani kwake na sufuria zao na viti vya kukodi, wakakaa, wasijue kama waimbe au wangoje. Mchungaji wao alitaka kuanza matanga. Lakini Uvira kulikuwa na mama mkwe, na mama mkwe alipiga simu akaamuru viti vitolewe.

"Mutoto yangu anajua maji," alisema, simu imewekwa spika, nyumba nzima inasikia. "Ametokea ngambo ingine. Musimulilie mutu mwenye iko muzima. Mwenye atamulilia, yeye ndiye anamuua."

Nani angebisha? Ni mama wa mtu, na alikuwa mbali, na huzuni ya aliye mbali huwa na mabavu. Viti vikarudishwa. Rafiki yangu akafungua khanga nyeusi aliyokuwa amejifunga, kwa sababu mama mkwe alipiga simu ya video kila Jumapili na alikagua nguo. Akarudi kazini kuogesha wazee wa watu. Watoto waliulizwa shuleni baba yuko wapi wakajibu hawajui, na lilikuwa jibu sahihi. Nilikuwa namtembelea, namkuta amekaa jikoni na taa imezimwa.

"Yaya," aliniambia siku moja, "mimi ni mujane ao niko bibi ya mutu?"

Nina majibu ya kila kitu, waulizeni wanaonifahamu. Hapo niliwasha taa nikamwoshea vyombo.

Wazo la bamba lilikuwa lake. Pale miambani kuna watu wengine waliotangulia, na ndugu zao wamewawekea alama: majina ya Kivietinamu na ya Kichina kwenye vibao, maua ya plastiki, vijiti vya ubani vilivyozimwa na upepo. Rafiki yangu alisema akipata bamba la chuma lenye jina la mumewe, likafungwa kwenye mwamba uliomchukua, mama mkwe ataliona kwenye simu na atakubali. Hana kaburi la kumwonyesha. Angalau awe na jina mahali fulani. Mchungaji akaafiki, akasema siku bamba litakapofungwa ndiyo itakuwa siku ya kuanua matanga yasiyowahi kukaliwa.

"Lakini bahari itaila," alisema. "Wewe si uko na rangi?"

Nilikuwa nayo, na sitajifanya mnyenyekevu: nilijua ni nzuri. Fundi wa kuchomelea wa kanisani kwao alikata bamba kwenye karakana anakofanya kazi, akaandika jina kwa kuchomelea, herufi zikasimama juu ya chuma, nene, za kushikika. Mimi nikaomba ruhusa kazini, nikalipiga mchanga lote kwa upepo wa mashine kwenye chumba chetu mpaka likawa na kijivu kile safi kinachonifurahisha kuliko dhahabu. Chuma kikifika hapo kinatakiwa kupakwa rangi siku hiyo hiyo.

Na hakiguswi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ninayomfundisha kila anayeingia maabara, awe na shahada ngapi simjali. Mkono wa binadamu, hata uliotoka kunawa sasa hivi, una chumvi na mafuta. Ukigusa chuma kitupu, chumvi inabaki. Ukipaka rangi juu yake itakaa chini imenyamaza, inavuta maji tone kwa tone kupitia kwenye rangi, mpaka rangi iumuke malengelenge na kutu ianzie ndani. Chembe zangu zinapigana na chumvi inayotoka nje. Iliyozikwa chini yao haziiwezi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye rangi mambo ni hayo hayo.

Rafiki yangu aliomba alione bamba kabla sijalipaka, alione jina likiwa bado chuma. Sikuona ubaya. Nililifunga kwenye karatasi safi, nikalipeleka kwake nikiwa nimevaa glavu, nikalilaza juu ya meza ya sebuleni. Watu wa kanisa walikuwa wamejaa, maana habari ilishaenea. Nikawaambia wote, kwa sauti ninayoitumia maabara, kwamba kuangalia ruksa na kugusa marufuku. Wakaitikia. Nikaenda jikoni kumsaidia mama mmoja na chai.

Nikasikia wimbo. Haukuwa wa furaha wala wa kusikitika, ulikuwa wa kusindikiza, na niliujua kwa sababu nimeshahudhuria mazishi yao. Kwa kanisa lile, kabla jeneza halijafunikwa kila mtu anapita na kuweka kiganja chake juu yake, anakiacha hapo kidogo, anaondoka. Hata mtoto hubebwa akaweka chake. Ndivyo wanavyoagana. Nilitoka jikoni na birika mkononi nikawakuta wamepanga foleni kuzunguka meza, na mchungaji ametangulia. Hawakuwa na jeneza. Walikuwa na bamba langu.

Hakuna aliyenidharau, hilo nataka lieleweke. Walikuwa wamesahau kwamba mimi nipo duniani. Wanaume wa ghala alikofanya kazi marehemu waliweka viganja vyao vipana vyenye sugu, wanawake waliweka vyao vilivyolowa machozi waliyotoka kujifuta, watoto wake waliweka vyao pembeni chini ya jina. Mwisho alipita mjane. Yeye hakuweka kiganja akaondoa. Aliegemea kwa mikono yote miwili, uzito wake wote, akalia kwa mara ya kwanza mbele ya watu tangu viti viliporudishwa. Nami nilisimama na birika langu nikiona chumvi tu. Ndivyo nilivyo, siwezi kujizuia.

Walipoondoka nilimweleza. Nilimweleza taratibu, kwa Kiswahili kisicho na fizikia. Kwamba lazima nilirudishe bamba, nilioshe, nilipige mchanga upya, la sivyo rangi haitakaa. Ni kazi ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc, basi unataka kuosha watu," alisema.

"Sitaki kuosha watu, mdogo wangu. Nataka kuosha chumvi."

"Hiyo chumvi ni nini? Si ni jasho yao? Si ni machozi yao?" Hakupandisha sauti. "Yaya, kwetu mutu anazikwa na mikono. Bwana yangu hana mwili, hana sanduku, hana shimo. Iko na ile mikono tu. Hayo ndiyo mazishi yenye niko nayo. Ukipangusa, utakuwa umefukua."

Nikamwambia litaota malengelenge. Akasema liote. Nikamwambia litaoza kabla ya wakati. Akasema kila kitu kinaoza, hata wale wazee anaowaogesha, na bado anawaogesha. Bamba lilikuwa lake na maiti ilikuwa yake. Nililichukua, nikalipaka jioni ile ile jinsi lilivyo, matabaka yote, kwa uangalifu wote ninaoujua. Wakati rangi inafunika alama za vidole nilikuwa nalia, na nilijiambia ni harufu.

Tulilifunga kwenye mwamba siku yenye jua. Bolti nilizichagua mimi, na washa za plastiki ili chuma kisigusane na chuma kingine. Mama mkwe alipigiwa simu. Rafiki yangu alielekeza kamera kwenye jina, rangi ya samawati iliyokolea, herufi zimesimama, na nyuma yake bahari. Bikizee huyo anajua kusoma, walau jina la mwanawe anajua. Midomo yake ilisogea. Kisha uso ukatoka kwenye kioo, tukabaki tunaangalia dari ya bati na kusikia kilio kikianza, kwanza chake, halafu cha majirani waliokuja kumshika. Rafiki yangu alishuka chini akakaa juu ya jiwe. Alitoa khanga nyeusi kwenye mkoba, akajifunga hapo hapo.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alionekana amefunga kitambaa cheusi kichwani, amekaa mkekani. Aliuliza watoto wanakula nini. Alimwambia mkwewe pole. Neno hilo moja, pole, lilifanya kazi ambayo dawa za daktari hazikuifanya: rafiki yangu alianza kulala. Akawaambia watoto baba amekufa, akaeleza jinsi alivyokufa, wakalia wote, wakala. Kazini alijaza taarifa zake upya akaandika mjane. Nilidhani nilikuwa nimekosea, kwamba ujuzi wangu ulikuwa umeniletea hofu ya bure, na kwa mara moja katika maisha yangu nilifurahi kukosea.

Baridi ikaja na mawimbi yake makubwa. Nilipokwenda tena nilikuwa peke yangu, nimepitia tu kukagua bolti. Sehemu ambazo hazikuguswa na mkono zilikuwa safi kabisa, hata pale kokoto zilipoikwaruza rangi, mstari wa jeraha ni mweusi na mkavu, kutu haikusogea. Kwa miaka yote niliyofuga kutu sijapata matokeo mazuri kama yale. Na katikati ya uzuri huo, kuzunguka jina na juu ya jina, rangi ilikuwa imevimba. Malengelenge yalikuwa yamejipanga. Yalifanya viganja, vidole vimetanuka, vingine vimepandana, na kwenye ncha za vidole kutu ilikuwa imeshatoboa ikachuruzika. Mikono miwili ya mjane ilikuwa imekolea kuliko yote.

Nilimwambia kwa sababu kumficha ingekuwa kumtukana. Alikuja, akaangalia muda mrefu, akaulinganisha mkono wake na alama zake. Hakulia. Nilimwomba nililichukue, nilipige mchanga, nilipake upya, jina litarudi kama jipya. Alikataa kwa sababu ile ile. Akasema cha kufanya ni kutomwonyesha mama. Tangu hapo kila Jumapili mama mkwe alipoomba kuliona bamba, rafiki yangu alisema mtandao wa miambani ni mbaya, akamtumia picha ile ya siku ya jua.

Mtu mzima hatishiwi nyau, wala hadanganywi kwa picha moja. Mama mkwe aliona kwamba bahari ya nyuma haibadiliki, wimbi ni lile lile. Akasema anataka kuona leo, siyo zamani. Kama mkwewe hatakwenda, atajua kuna jambo. Tukaenda wawili, mimi nikiendesha.

Mama mkwe alipokea simu akiwa mkekani na kitambaa chake cheusi. Rafiki yangu aligeuza kamera. Bikizee alisogeza uso karibu na kioo.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Ni kutu, mama."

"Kutu haina vidole."

Rafiki yangu alinitazama. "Iko anasukuma," mama mkwe alisema. "Mulimufungia ndani. Angalieni, iko anasukuma na mikono mibili, anataka kutoka."

Nikaichukua simu. Nikasalimia shikamoo, nikajitambulisha kuwa mimi ndiye niliyepaka rangi. Nikamweleza, polepole, kama nilivyomweleza mkwewe siku ile. Kwamba kabla ya kupaka, watu walikuja nyumbani wakaweka mikono kumuaga. Kwamba mkono wa mtu una chumvi, na chumvi ikikaa chini ya rangi inaita maji, na maji yanaleta kutu. Kwamba mikono anayoiona ni ya walio hai. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza kazi yangu vizuri hivyo.

Alifikiri. Akaanza kuuliza. Ule mpana hapo juu ni wa nani? Rafiki yangu akasema wa mchungaji. Na ule? Wa rafiki yake wa kazini. Na hii midogo? Ya watoto, mama, wajukuu wako. Na hii mibili ya katikati? Yangu. Alikuwa anaangalia moja baada ya moja, na mimi mjinga nikapata matumaini, nikadhani anaelewa. Alikuwa anaelewa.

"Yangu iko wapi?" aliuliza.

Mawimbi yalikuwa yanapiga chini yetu na nilishukuru yana kelele.

"Mulimuzika wote," alisema. "Hata watoto. Mimi mama yake mkono yangu haiko. Basi mimi sijazika mutu."

Tukamwona anapeleka mikono nyuma ya kichwa, anafungua fundo. Alikikunjua kitambaa cheusi, akakikunja upya vizuri, akakiweka kando ya mkeka nje ya picha. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alipoturudia, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kupumzika, na sauti ilikuwa ya kawaida, ya Jumapili yoyote. Alimuuliza mkwewe mumewe anarudi saa ngapi kutoka kazini.

Rafiki yangu alikuwa amesimama na khanga yake nyeusi, upepo unaivuta. Nilianza kumgeuzia kamera. Akaishusha khanga taratibu kutoka mabegani mpaka kwenye mkono, chini ya kioo cha simu, mama mkwe asiione.

"Jioni, mama," alisema.